Habari za Otto Bartning, Mjenzi wa Makanisa

Ndugu wapenzi wa sharika zetu, mwezi huu twawaletea habari za mtu ambaye jina lake halitajwi mara nyingi kwetu, ijapokuwa katika nchi ya Ujerumani, ile ambayo wazee wetu waliiita Udachi, wachungaji na mafundi wamemjua tangu zamani. Jina lake ni Otto Bartning. Hakuwa mchungaji wala mwalimu wa dini. Alikuwa mjenzi, mwenye kuchora ramani za nyumba na kuwaongoza mafundi. Alikufa mwaka 1959. Twaona yafaa kusimulia maisha yake sasa, kwa kuwa sharika nyingi, na wetu mmojawapo, zinabishana juu ya jambo lile lile alilolifikiri yeye zaidi ya miaka 50, yaani, nyumba ya ibada ijengwe namna gani, na itumiwe kwa kazi gani katika siku zile sita ambazo si Jumapili.

Kabla ya kuanza hatuna budi kuungama jambo. Miaka michache iliyopita mvua kubwa ya masika ilibomoa nyumba za udongo kule bondeni, chini ya kanisa letu. Usiku ule watu walipanda na watoto wao na mikeka yao, wakafika mpaka mlangoni. Kanisa letu limejaa benchi nzito zilizoshikwa kwa saruji sakafuni, safu kwa safu, hata mahali pa kumlaza mtoto hapapatikani. Tena tulikuwa tumezoea kufundisha kwamba humo watu hawalali wala hawapiki uji. Ufunguo ulikuwa mkononi mwetu sisi wenyewe. Tulisita, kisha tukawaelekeza shuleni, mwendo wa nusu saa gizani. Hakuna aliyepotea, twamshukuru Mungu. Walakini tangu usiku ule wako ambao hatuwaoni tena ibadani, wala hatuna neno la kuwajibu. Basi mtu asidhani kwamba twaandika habari hizi kwa ajili ya kupendezwa na majengo tu.

Otto Bartning alizaliwa tarehe 12 Aprili 1883 katika mji wa Karlsruhe, upande wa kusini-magharibi wa Ujerumani. Alisomea ujenzi Berlin na Karlsruhe. Mwaka 1904, angali kijana, alisafiri kuizunguka dunia. Na aliporudi hakumaliza masomo yake wala hakupata hati ya chuo, bali alifungua kazi yake mwenyewe Berlin. Vijana wetu wa seminari wasiichukue habari hii kuwa ni ruhusa.

Kanisa lake la kwanza alilijenga mwaka 1906 huko Peggau, katika jimbo la Styria nchini Austria, naye alikuwa na umri wa miaka 23. Katika nchi ile Wainjilisti walikuwa wachache sana katikati ya Wakatoliki wengi, wakikaa kaya mbili tatu huku na nne tano kule, na fedha zao zilikuwa haba. Miaka iliyofuata alijenga mengine ya namna hiyo, kama lile la Rottenmann na lile la Krems kando ya mto Danube. Hayakuwa makubwa. Mara nyingine kanisa na nyumba ya mchungaji zilishikamana kama ndugu wawili. Twaamini kwamba mjenzi huyu alifundishwa zaidi na sharika hizi maskini kuliko na vyuo viwili alivyopitia, maana mtu ajengaye kwa watu wenye mali huulizwa habari za pambo, bali ajengaye kwa maskini huulizwa kila chumba kina kazi gani.

Sasa ni lazima tueleze kidogo mambo yalivyokuwa kabla yake, maana bila hayo msomaji hataona kwa nini kazi yake ilikuwa ngumu. Baba yetu Martin Luther mwenyewe aliliweka wakfu kanisa la ngome ya Torgau, mwezi wa Oktoba mwaka 1544, na hilo huhesabiwa kuwa nyumba ya kwanza iliyojengwa tangu msingi kwa ajili ya ibada ya Kiinjilisti. Ni ukumbi wa kawaida, wenye roshani pande zote, na mimbara imetundikwa katikati ya ukuta mrefu, ili watu wote wasikie. Lakini karne zilipopita Walutheri wa Ujerumani walianza kutamani makanisa ya kale ya Wakatoliki, yale marefu yenye madirisha yaliyochongoka. Mwaka 1861, katika mkutano wa Eisenach, ziliandikwa kanuni zilizowashauri wajenzi wafuate namna ile ya kale, na madhabahu iwe mbali mwishoni, mahali palipoinuliwa. Miaka 30 baadaye, yaani 1891, mchungaji mmoja wa Wiesbaden, jina lake Emil Veesenmeyer, pamoja na mjenzi Johannes Otzen, walipinga. Walitaka kanisa liwe nyumba ya mkutano wa watu wanaosherehekea pamoja, lisigawanywe kati ya watu wa mbele na watu wa nyuma. Wakajenga kanisa lao Wiesbaden, likamalizika mwaka 1894. Kwa hiyo Bartning alikua wakati wa mashindano ya mawazo mawili. Na makanisa mengi yaliyojengwa na wamisionari katika nchi yetu, marefu, yenye mnara mbele na madhabahu mwisho kabisa, ni watoto wa lile wazo la kwanza. Sisi tulirithi umbo lake, tukadhani kwamba ni sehemu ya Injili.

Baada ya Vita Kuu ya 1914 hata 1918 Ujerumani ilikuwa imeshindwa, kaisari amekwenda zake, na kanisa halikuwa tena chini ya ulinzi wa wafalme. Watu wengi walijiuliza maana ya mambo waliyoyazoea. Ndipo Bartning alipotoa kitabu chake juu ya ujenzi mpya wa makanisa, mwaka 1919. Wazo lake kubwa lilikuwa hili. Kila nyumba huvuta macho na miguu ya watu mahali fulani. Vile vile kila ibada ina mahali ambapo mambo yake makuu hutendeka. Kama nyumba yavuta upande huu na ibada yavuta upande mwingine, watu hugawanyika bila kujua sababu. Mjenzi wa kanisa basi hana budi kwanza kuuliza usharika hufanya nini ukikutana, ndipo ashike kalamu.

Kwa jinsi hiyo alitengeneza, mwaka 1922, mfano wa kanisa la duara lenye ncha kama nyota. Mimbara ilisimama ndani ya duara ile, na viti viliizunguka, hata watu wangesikiliza huku wakiona nyuso za wenzao na si visogo tu. Nyuma ya mimbara, juu zaidi, ilikuwa madhabahu, na usharika ungepanda kuiendea kwa Chakula cha Bwana. Wengi waliusifu mfano ule, na picha zake zikaenea. Lakini hapakuwa na usharika uliothubutu kuujenga. Kwa hiyo kazi yake iliyojulikana kuliko zote siku zile haikuwa na paa wala msingi. Yeye hakukasirika, alingoja.

Mwaka 1926 alifanywa mkuu wa chuo cha ufundi na ujenzi katika mji wa Weimar. Chuo hicho kiliwekwa mahali pa kile mashuhuri kilichoitwa Bauhaus, ambacho kilikuwa kimehamia Dessau mwaka mmoja kabla. Mwanzilishi wa Bauhaus, Walter Gropius, alikuwa rafiki yake, nao walikuwa wameshauriana hapo mwanzo juu ya namna ya kuwafundisha wajenzi. Lakini mwaka 1930 wafuasi wa Hitler walipata nguvu katika serikali ya jimbo lile, na Bartning akaondolewa katika kazi yake.

Katika miaka ile ile ya Weimar alipata nafasi aliyoingoja. Mwaka 1928 palikuwa na maonyesho makubwa katika mji wa Köln, na Wainjilisti walitaka kuonyesha kanisa. Bartning akalijenga la chuma. Nguzo nyembamba za chuma zilisimama, na kati ya nguzo hapakuwa na ukuta wa mawe bali vioo vya rangi kutoka chini hata juu, hata aliyesimama ndani alizungukwa na nuru. Nje vipande vingine vilifunikwa kwa shaba. Nyumba yote ilifungwa kwa namna ambayo yaweza kufunguliwa. Na maonyesho yalipokwisha, ikafunguliwa kweli, ikachukuliwa, ikasimamishwa tena katika mji wa Essen mwaka 1931, ikawa kanisa la usharika. Watu wa Biblia wasingeshangaa sana, maana hema ya kukutania jangwani nayo ilikuwa na vigingi na kamba, nayo ilibebwa. Kanisa hilo la chuma liliharibiwa katika vita vya pili, na leo laonekana katika picha tu.

Katika mji huo huo wa Essen alijenga pia Kanisa la Ufufuo, likamalizika mwaka 1930. Hili ni la duara hasa, limepanda juu kwa hatua kama vikombe vilivyofunikwa kimoja juu ya kingine, nalo limesimama mpaka leo, ijapokuwa mabomu yalilijeruhi vibaya likatengenezwa upya. Basi lile wazo la nyota, lililokuwa limelala miaka minane, lilipata mwili kwa sehemu. Mwaka 1934 alimaliza kanisa la Gustav Adolf huko Berlin, lenye umbo la kipepeo cha mkononi: madhabahu na mnara vipo pale pa kushikia, na watu wametawanyika mbele yake.

Juu ya miaka ya utawala wa Hitler hatutasema maneno mengi. Bartning aliendelea kujenga makanisa, na mengine aliyajenga nje kwa ajili ya sharika za Wajerumani, kama Lisbon, Belgrade na Barcelona. Hatumfanyi shujaa wa siku zile. Wako waliofungwa na kuuawa kwa sababu ya kukiri kwao, naye hakuwa mmoja wao. Nyumba ile ya Belgrade leo ni jumba la michezo ya kuigiza. Tulipowasimulia wazee wetu habari hiyo, mmoja aliruka kwa furaha, akaona amepata ushahidi kwamba kanisa likianza kufunguliwa kwa kila kazi mwisho wake ni ngoma. Lakini sivyo ilivyokuwa. Nyumba ile ilipoteza watu wake kwa ajili ya vita. Wajerumani wa Belgrade walikimbia na kufukuzwa. Kanisa lisilo na usharika hugeuka kuwa kitu kingine, liwe na benchi zilizopigiliwa au zisizopigiliwa.

Sasa twafika kwenye kazi ambayo kwa ajili yake hasa tumeshika kalamu.

Vita vilipokwisha mwaka 1945 miji ya Ujerumani ilikuwa vifusi. Tuchukue mji mmoja tu, Pforzheim, mji wa mafundi wa dhahabu na saa. Jioni ya tarehe 23 Februari 1945 ndege zilikuja juu yake, na kwa muda wa dakika 20 hivi mji uliteketea. Watu zaidi ya 17,000 walikufa. Pamoja na hayo mamilioni ya Wajerumani walifukuzwa katika nchi za mashariki, wakaingia magharibi na mizigo michache, wakakaa katika mabanda, mara nyingi mahali ambapo hapakuwa na kanisa lao kabisa. Sharika zilikutana katika vyumba vya chini ya ardhi, katika shule, katika kumbi za vilabu. Mwezi wa Agosti mwaka ule viongozi wa makanisa walikutana Treysa, wakaanzisha kazi ya misaada ya kanisa la Kiinjilisti, chini ya Eugen Gerstenmaier. Bartning, aliyekuwa sasa na miaka 62, akawekwa juu ya idara ya ujenzi, na ofisi yake ikawa Neckarsteinach, mji mdogo karibu na Heidelberg.

Mtu aweza kuuliza kama haikuwa aibu kujenga makanisa watu wakiwa hawana nyumba. Swali hilo ni la haki, na sisi tuliofunga mlango usiku ule wa masika hatuwezi kulipita haraka. Twaona kwamba Bartning alilijibu kwa kazi ya mikono yake. Kwanza, hakutumia vitu vilivyohitajiwa kwa nyumba za watu. Pili, aliyoyajenga hayakuwa ya Jumapili peke yake.

Mpango wake ulikuwa hivi. Makanisa ya nchi za nje yalikuwa tayari kusaidia: Baraza la Makanisa la Dunia lililokuwa likiundwa Geneva, Walutheri na wengine wa Marekani, na ndugu wa Uswisi. Kila zawadi ya dola 10,000 ilitosha kwa kiunzi cha kanisa moja. Katika viwanda vya mbao zilitengenezwa kenchi kubwa za mbao nyembamba zilizounganishwa kwa misumari, zenye kupinda kutoka ardhini mpaka kipeo cha paa, pamoja na mbao za paa, milango, madirisha na roshani. Vyote vilikuwa vya kipimo kimoja. Vilifika kwa gari, na kiunzi kilisimama kwa siku chache. Toka hapo kazi ilikuwa ya usharika. Walichimba msingi wao wenyewe, wakakusanya mawe katika vifusi vya mji wao, wakayasugua chokaa ya zamani, au wakayasaga na kuyafanya matofali mapya, wakajaza kuta kati ya nguzo. Wanawake, vijana, wakimbizi waliofika jana, wote walishika nyundo. Mwezi wa Juni mwaka 1948 fedha ya Ujerumani ilibadilishwa, na akiba ya sharika nyingi ikawa karibu si kitu. Palipokosekana fedha, mikono ililazimika kufanya zaidi.

La kwanza kumalizika lilikuwa lile la Pforzheim, mwezi wa Oktoba 1948, likaitwa Kanisa la Ufufuo. Hata mwaka 1951 yalikuwa yamejengwa 43, upande wa magharibi na pia upande uliotawaliwa na Warusi. Huko Wismar, karibu na bahari ya Baltic, kanisa jipya lilijengwa kando ya magofu ya kanisa kuu la Mtakatifu Maria. Hamburg lipo la Mtakatifu Marko, na Berlin lipo linaloitwa Kanisa la Ufunuo. Kiunzi ni kimoja katika yote, lakini mtu akiyatazama kwa nje hadhani ni ndugu, maana hapa ukuta ni wa mawe mekundu, pale wa matofali, penginepo wa vifusi vilivyochanganywa, na huyu ameweka mnara na yule hakuweza. Ndani ndipo ajuapo. Mbao zapanda pande zote mbili na kukutana juu, hata mtu aweza kudhani ameingia hemani.

Wajerumani waliyaita makanisa ya dhiki. Bartning alikuwa mkali juu ya jina hilo. Hakukubali kwamba maana yake ni vibanda vya kupita, vya kutupwa siku mali itakaporudi. Dhiki kwake ilikuwa mwalimu aliyewaondolea watu visivyo vya lazima, wakabaki na vilivyo vya lazima. Navyo hivyo vijengwe vizuri na vidumu. Mengi katika makanisa yale yasimama hata leo na kutumiwa, baada ya miaka zaidi ya 70, wakati ambapo majengo mengi ya fahari yaliyokuja baadaye yamekwisha kuvuja.

Twapenda sana kueleza chumba kilicho chini ya roshani. Upande wa nyuma, mkabala wa madhabahu, roshani ilishuka kama dari, na mahali pale chini paliweza kutengwa na ukumbi. Katika miezi ya baridi, makaa yakiwa haba, usharika mdogo uliweza kusali humo bila kuupasha moto ukumbi wote. Siku za kazi watoto walifundishwa humo, vijana walikutana, wamama walishona. Ikifika sikukuu, kizuizi kiliondolewa, na chumba kikawa sehemu ya kanisa tena. Jambo dogo! Lakini angalia busara yake: hakuna aliyelazimika kuchagua kati ya ibada na kazi za usharika, wala hapakujengwa nyumba mbili mahali ambapo fedha za moja tu zilikuwapo.

Kisha alikwenda mbele zaidi. Baada ya yale 43 alichora mfululizo wa pili wa nyumba ndogo, na nyingi zilijengwa katika miaka ya kwanza ya 1950, hasa mahali pa wakimbizi. Katika nyumba hizo ukumbi ni mmoja tu. Madhabahu imewekwa katika kijumba chake ukutani, nacho chaweza kufungwa kwa milango. Jumapili milango hufunguliwa, viti hugeuzwa kuielekea, na ukumbi ni kanisa. Jumatatu milango hufungwa, viti hupangwa kwa duara au kuondolewa, na ukumbi ni wa mkutano, wa mafundisho, wa kuwagawia watu nguo na chakula. Kwa hiyo hakuidharau madhabahu. Aliipa chumba chake. Wala hakuwadharau watu wa Jumatatu. Sisi tulipoisoma ramani hiyo mara ya kwanza tulikaa kimya kitambo, maana katika seminari tulifundishwa kuyatenga mambo hayo mawili kwa ukuta wa mawe, naye aliyatenga kwa bawaba nne.

Tusisahau pia kwamba ndugu wa Marekani waliozitoa zile dola 10,000 walikuwa na mzigo mwingine katika miaka hiyo. Wamisionari Wajerumani wa Tanganyika walikuwa wamekamatwa na Waingereza vita vilipoanza, na sharika za Kilutheri za nchi hii ziliachwa kama yatima; Walutheri wa Marekani, na hasa Sinodi ya Augustana, walizisaidia, wachungaji na waalimu wetu Waafrika wakibeba kazi. Mwaka 1947 Shirikisho la Walutheri Ulimwenguni liliundwa Lund, Uswidi, na misaada ya kwao na ya kwetu ilijadiliwa na watu wale wale. Basi mwashi wa Pforzheim na mwinjilisti wa Kilimanjaro walikuwa wamekaa katika meza moja bila kuonana.

Miaka yake ya mwisho Bartning aliheshimiwa sana. Tangu 1950 alikuwa rais wa chama cha wajenzi wa Ujerumani, na mwaka 1951 aliongoza mazungumzo makubwa huko Darmstadt juu ya mtu na mahali akaapo, ambako hata wanafalsafa walikuja kusema. Alihamia mji huo. Mwaka 1957 palikuwa na maonyesho makubwa ya ujenzi Berlin, naye alikuwa kiongozi wa washauri wake. Alifariki Darmstadt tarehe 20 Februari 1959, naye alikaribia miaka 76. Lile kanisa la nyota, katika umbo alilolichora mwaka 1922, hakulijenga.

Nasi, turudi kwetu. Wazee wa usharika walikutana mara tatu juu ya benchi. Wako wanaosema kwamba zikiondolewa katika saruji watu watakaa ovyo, watoto watakimbia, na heshima itapotea. Na mwenye kusema hivyo zaidi ya wote ni mzee aliyezichonga yeye mwenyewe ujanani mwake, naye hatuwezi kumlaumu. Wengine wanataka mlango wa pili upande wa bondeni, pazia zito mbele ya madhabahu, na stoo ya mikeka. Tuliwaonyesha picha ya chumba kile cha chini ya roshani. Mzee fundi aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaomba kamba ya kupimia, akaenda nyuma ya kanisa peke yake. Alirudi akasema kwamba safu sita za mwisho zaweza kukatwa bila kuzivunja, ikiwa atapewa kuzikata yeye na si mtu mwingine. Kazi hiyo itaanza baada ya mavuno, mvua za vuli zisije zikatukuta bado tukibishana. Sharika jirani zilizo na misumeno mizuri zaombwa kutuazima.